Leonard Bast na pauni za akina Schlegel

Swali limetoka kwa mwalimu wa fasihi wa kidato cha tano na sita: "Nimeisoma tena Howards End, riwaya ya E. M. Forster ya mwaka 1910. Kila mwongozo ninaoushika unasema ujumbe wake ni 'unganisha tu', yaani watu wa matabaka tofauti washikane mikono. Lakini mtu wa chini anayevutwa kuingia katika muungano huo, karani Leonard Bast, anaishia kufa, na nyumba inabaki kwa wenye fedha zao. Je, mwandishi amejipinga? Na darasani nisemeje?"

Mwalimu mwenzangu, umefanya vizuri kuiamini hadithi kuliko mwongozo. Kwa maoni yangu Forster hajipingi, isipokuwa pale mwishoni kabisa, na hapo nitafika. Maneno "unganisha tu", ambayo ameyaweka mbele ya sura ya kwanza, hayakuandikwa kwa ajili ya tajiri na maskini. Yanamhusu mtu na nafsi yake. Kuhusu tajiri na maskini riwaya ina jibu jingine, kali zaidi: kinachowatenga ni fedha, na huruma isiyogusa fedha yaweza kumwangamiza yule inayemhurumia.

Kwa wasomaji ambao hawajaisoma, kisa kina familia tatu. Akina Schlegel ni Margaret, Helen na ndugu yao mdogo Tibby, watoto wa Mjerumani aliyehamia Uingereza. Wazazi wamefariki, na wao wanaishi London kwa mapato ya fedha walizorithi, wakisoma, wakisikiliza muziki na kubishana juu ya haki za wanawake. Akina Wilcox ni watu wa biashara. Baba, Henry, ana kampuni ya mpira wa Afrika Magharibi, ana nyumba kadhaa, na ana motokaa enzi ambazo motokaa ilikuwa ya wachache. Mkewe, Ruth, ndiye mwenye Howards End, nyumba ya shamba katika jimbo la Hertfordshire. Familia ya tatu ni Leonard Bast, karani wa kampuni ya bima ya moto iitwayo Porphyrion, na Jacky, mwanamke aliyemzidi umri ambaye Leonard ameahidi kumwoa akifikisha miaka 21. Ruth anafanya urafiki na Margaret, na anapokaribia kufa anaandika kwa penseli kwamba nyumba apewe Margaret. Familia inakaa kikao, inaichoma ile karatasi, na haimwambii mtu. Baadaye Henry, akiwa mjane, anamposa Margaret huyo huyo bila kumwambia neno.

Sasa fungua sura ya 22. Margaret amekwisha kukubali posa, na anamtazama mchumba wake kwa jicho la mapenzi lakini si la upofu. Anaona kwamba Henry ana vyumba viwili moyoni visivyo na mlango kati yake. Kimoja ni cha kazi, hesabu na heshima ya nje. Kingine ni cha tamaa za mwili, anazoziona kuwa aibu, kwa hiyo hazitazami wala hazitaji. Hapo ndipo yanapokuja yale maneno: unganisha tu maisha ya kila siku na yale ya moyo, na vyote viwili vitapanda daraja, usiishi tena vipande vipande. Bila daraja hilo, anasema, sisi ni nusu watawa na nusu wanyama. Hakuna karani wala kibarua katika ukurasa huo. Kuna mwanamume mmoja wa makamo na dhamiri yake.

Na mtihani wa maneno hayo unakuja sura ya 38, ambayo kwangu ndiyo kilele cha riwaya nzima. Kufikia hapo Margaret amegundua kwamba Jacky aliwahi kuwa hawara wa Henry miaka kumi nyuma, huko Cyprus, wakati Ruth yu hai. Amemsamehe. Kisha Helen anaonekana ana mimba bila ndoa, naye ana ombi moja tu: alale usiku mmoja Howards End, kati ya fanicha za utotoni mwao zilizohifadhiwa humo, kabla hajarudi Ujerumani. Henry anakataa. Anataja kumbukumbu ya marehemu mkewe na hatari ya kuchafua nyumba. Margaret anamshika mikono na kumwambia kwamba leo ataona uhusiano hata kama utamwua: wewe ulikuwa na kimada, nikakusamehe, ndugu yangu amekuwa na mpenzi, unamfukuza, je, huoni kwamba ni jambo lile lile? Henry haoni. Anafikiri anatishwa ili akubali, naye anajibu kwa lugha ya mfanyabiashara anayekataa kushurutishwa. Yule ambaye kila mtu anamwona kuwa na akili ya mambo ya dunia anashindwa kuweka makosa mawili kwenye mizani moja, kwa sababu moja ni lake na jingine ni la mwanamke.

Ukianzia hapo, mwalimu, utaona kwamba lawama ya Forster kwa tabaka la wenye mali ni ya kimaadili kwanza. Henry si katili. Anatunza watoto wake, analipa madeni yake, ni jasiri. Ila hawezi kusema "mimi". Hawezi kukaa mbele ya tendo lake na kulitambua kuwa lake. Na mtu asiyeweza kujiunganisha yeye na tendo lake, ataunganaje na karani ambaye tendo hilo limemfikia?

Leonard sasa. Hapa nakuomba twende polepole, kwa sababu mambo makubwa ya tabaka katika riwaya hii yamefichwa kwenye vitu vidogo. Tuuchukue mwavuli. Sura ya 5, ukumbi wa Queen's Hall, London, inapigwa simfoni ya 5 ya Beethoven. Helen anapagawa na muziki, anatoka kabla tamasha halijaisha, na kwa kughafilika anabeba mwavuli wa kijana aliyekaa karibu nao. Kijana ni Leonard. Margaret anamwomba radhi na kumwuliza anwani ili autume. Leonard hataki kusema anakoishi. Anadhani hawa ni matapeli, kwamba ukishawapa anwani watakuja usiku kukuibia. Wanawake wengi wangecheka, lakini Margaret jambo hilo linamuuma, maana linamwonyesha ufukara kwa kitambo.  Forster anasema wazi: kuamini watu ni anasa ya wenye mali, maskini hawaimudu.

Wanatembea pamoja hadi kwa akina Schlegel. Njiani Margaret anazungumza juu ya muziki na uchoraji, majina ya Kifaransa yanamtiririka mdomoni. Leonard anatamani kujibu na hana la kujibu, maana yeye husoma kwa saa moja ya mapumziko ya mchana na vipande vya muda wa jioni, na hawezi kumfikia mtu aliyekuwa akisoma tangu utotoni. Na chini ya mazungumzo yote hayo, Forster anatuambia, mwavuli unampigia kichwani kama ngoma. Kabla ya mwavuli alikuwa akijiuliza kama anunue karatasi ya ratiba ya tamasha au avumilie bila hiyo. Mambo hayo madogo ya senti ndiyo yanayomzuia kusikia muziki. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na Margaret, mwerevu kama alivyo, hajui kwamba anazungumza na mtu ambaye nusu ya akili yake iko kwenye kitambaa na mbavu za mwavuli.

Wakifika nyumbani Helen anatoka mbio na miavuli mikononi, anaomba msamaha kwa furaha, anasema yeye kazi yake ni kuiba miavuli ya watu. Anaufungua mmoja, anauona umechanika kwenye mishono, anasema: huu ni wa kutisha, bila shaka ni wangu. Haukuwa wake. Ulikuwa wa Leonard. Kijana anauchukua na kuondoka haraka, hataki hata chai aliyokaribishwa. Helen hakumtukana, alijitukana mwenyewe. Lakini mtu mwenye mapato ya pauni 600 kwa mwaka anaweza kucheka mwavuli wake mbovu. Mwenye mwavuli mmoja hawezi. Sijui waandishi wengi walioweza kuonyesha tabaka kwa sentensi fupi namna hiyo bila kuhubiri.

Nimetaja pauni 600 kwa sababu mwandishi mwenyewe ameitaja. Hilo ni jambo la kushangaza kwa riwaya ya enzi ile ya watu wenye adabu, ambao waliona kutaja mapato yao mezani ni utovu wa heshima. Sura ya 7 Margaret anamwambia shangazi yake kwamba wao na akina Wilcox wamesimama juu ya fedha kama watu waliosimama visiwani. Kisiwa ni kigumu chini ya miguu hata unasahau kuwa kipo, mpaka umwone mtu karibu yako anayumba. Mimi nasimama juu ya pauni 600 kila mwaka, anasema, Helen juu ya kiasi hicho hicho, Tibby atasimama juu ya 800, na kadiri zinavyomong'onyoka baharini nyingine zinajaa mahali pake. Kisha anaongeza kwamba shimo la chini kabisa duniani ni la kukosa fedha, kabla ya lile la kukosa upendo. Kumbuka neno hilo, shimo. Forster amelitumia sura ya 6 kumweleza Leonard: amesimama ukingoni kabisa mwa tabaka la watu wa heshima, hajaanguka shimoni, lakini analiona, na wapo aliowajua walioanguka wasihesabiwe tena.

Uingereza ya wakati ule ilikuwa na watu wengi wa namna hii. Sheria ya elimu ya 1870 ilileta shule za msingi za umma, na kizazi kilichojua kusoma na kuandika kikaingia kwenye benki, kampuni za bima na ofisi za London. Walivaa kola na tai, walitembea kwa aibu ya mtu anayeogopa kutambuliwa, na walikuwa mshahara mmoja tu mbali na umaskini. Serikali ya chama cha Liberal ilikuwa imepitisha sheria ya pensheni ya wazee mwaka 1908, shilingi 5 kwa wiki kwa waliotimiza miaka 70. Bima ya taifa ilipitishwa 1911, mwaka mmoja baada ya riwaya kutoka, na upande wake wa ukosefu wa kazi ulianza na mafundi wa sekta chache kama ujenzi, meli na mitambo. Karani wa bima ya moto hakuwamo. Leonard mwenyewe anaeleza hali yake kwa usahihi wa kutisha baada ya kupoteza kazi: mtu akishapita miaka ishirini akaikosa ile kazi moja anayoijua, kwisha habari yake.

Aliipotezaje? Hili ndilo jibu la swali lako, mwalimu, kwa hiyo tulitazame vizuri.

Akina Schlegel wamempenda Leonard kwa sababu siku moja aliwasimulia jinsi alivyotembea usiku kucha kutoka pembezoni mwa London mpaka msituni, akitaka kuona alfajiri kama alivyosoma vitabuni. Wakamwuliza, je, alfajiri ilikuwa nzuri mno? Akajibu hapana. Ilikuwa ya kijivu tu, hakuna la kusimulia. Jibu hilo la ukweli likawafurahisha kuliko vitabu vyote alivyovitaja kabla yake. Wakatamani kumsaidia. Jioni moja wakiwa na wenzao kwenye klabu yao ya mijadala, inajadiliwa namna tajiri anayekaribia kufa anavyopaswa kugawa mali yake, na wanamtumia Leonard kama mfano. Wengine wanasema apewe maktaba, apewe tiketi ya kwenda Venice, apewe wa kumwongoza. Margaret anasema mpeni fedha. Wapeni maskini wengi iwezekanavyo pauni 300 kwa mwaka kila mmoja, msiwape vitabu vya mashairi na tiketi za treni kama watoto wachanga. Hakuna mtu katika riwaya nzima anayesema jambo la maana zaidi juu ya tabaka.

Usiku huo huo, wakielekea nyumbani, wanakutana na Henry Wilcox kando ya mto Thames. Wanamwambia habari za karani wao. Henry, kwa ukarimu wa mtu anayejua siri za soko, anawaambia kijana aondoke Porphyrion haraka, kampuni itaanguka kabla ya Krismasi. Wasichana wanampelekea Leonard ushauri huo, naye, baada ya kusitasita, anaufuata. Anahamia benki moja yenye mshahara mdogo zaidi. Benki inapunguza wafanyakazi, na yeye, aliyeingia mwisho, anatolewa. Na Porphyrion? Haikuanguka. Henry anapoulizwa baadaye anasema kwa utulivu kwamba ni kampuni nzuri tu. Helen akimbana, anajibu kwamba maskini ni maskini, unawahurumia, lakini ndivyo ilivyo, na hakuna wa kulaumiwa.

Ona basi. Margaret alijua kabisa kinachotakiwa kutolewa. Kilichotolewa ni ushauri. Ushauri ulikuwa bure kwa waliotoa, na bei yake ikalipwa na aliyepokea. Akina Schlegel walimpa Leonard mazungumzo, chai, umakini na maelekezo, vyote isipokuwa lile jambo moja ambalo Margaret alikuwa amelitetea kwa ufasaha saa chache nyuma. Ndiyo maana nasema Forster hajipingi. Ameweka nadharia sahihi mdomoni mwa mtu mwema, kisha akaonyesha mtu mwema huyo akitembea nyumbani na kuisahau.

Fedha zinakuja baadaye sana, na zinakuja kwa njia mbovu. Helen, akiwa na hasira juu ya Henry, anawapeleka Leonard na Jacky, wakiwa na njaa, hadi kwenye sherehe ya harusi ya binti wa Henry katika jimbo la Shropshire. Jacky anamtambua Henry mbele ya Margaret. Usiku ule, katika hoteli, kwa huruma na ghadhabu na upweke, Helen na Leonard wanalala pamoja. Asubuhi Helen amekwisha kuondoka. Kisha anamtuma Tibby ampelekee Leonard pauni 5,000, sehemu kubwa ya mali yake. Leonard anazikataa kwa barua ya adabu, maana kuzipokea kungekuwa kukubali kwamba kilichotokea ni malipo. Helen anamtuma Tibby tena, amwendee Leonard na kumlazimisha azipokee. Tibby anakwenda, anakuta Leonard na Jacky wamekwisha kufukuzwa walikopanga kwa kutolipa kodi, na hakuna ajuaye walikokwenda. Na Forster anaandika sentensi moja ambayo ningependa kila mwanafunzi aipigie mstari: Helen anaziwekeza upya zile fedha kwa ushauri wa madalali wake wa hisa, na anakuwa tajiri kidogo kuliko alivyokuwa kabla. Hakuna maelezo, hakuna laana. Kisiwa kimejijaza chenyewe.

Kuanzia hapo Leonard anaishi kwa kuwaandikia ndugu zake barua za kuomba. Anajilaumu, wala hamlaumu Helen. Anakwenda Howards End kuungama kwa Margaret, na Charles, mtoto mkubwa wa Henry, anashika upanga wa kale wa baba yake Margaret ili amchape nao ubapa. Leonard anashika kabati la vitabu, vitabu vinamwangukia, moyo wake uliokuwa mgonjwa unasimama. Charles anahukumiwa miaka mitatu kwa kuua bila kukusudia. Swali lako linaonyesha kwamba kifo hiki kinakukera. Kinanikera nami, kwa maana vitabu ndivyo alivyovitumainia kumtoa ukingoni. Lakini usiwaambie wanafunzi kwamba ni bahati mbaya. Kila mkono uliomgusa kijana huyu umo kwenye chumba kile: upanga wa akina Schlegel, hasira ya akina Wilcox, na vitabu vya London vilivyopakuliwa na kupangwa kabatini kana kwamba wenyewe wamehamia.

Lipo jambo ambalo haki inanidai niliseme juu ya mwandishi. Forster mwenyewe alisimama kisiwani. Baba yake alikufa yeye akiwa mtoto mchanga, na shangazi wa baba yake, Marianne Thornton, alimwachia pauni 8,000 alipofariki 1887. Alikiri uzeeni kwamba ni bibi huyo aliyemwezesha kuwa mwandishi. Nyumba ya Howards End ameichora kutoka Rooksnest, karibu na Stevenage, alipokulia yeye na mama yake. Pia alifundisha kwa miaka mingi katika Working Men's College ya London, chuo cha jioni cha wafanyakazi, kwa hiyo vijana wa aina ya Leonard alikuwa amewaona kwa macho. Aliwaona, ila kutoka upande wa meza ya mwalimu.

Na hiyo inaonekana. Sura ya 6 inaanza kwa kusema hadithi hii haiwahusu maskini hohehahe, kwamba hao hawafikiriki, ni wa watakwimu na washairi. Wachambuzi wengine wanasema hapo anaiga sauti ya tabaka lake ili kulisuta. Mimi nadhani ni nusu kwa nusu. Anapokieleza chakula cha Leonard, supu ya kipande kilichoyeyushwa kwenye maji moto, ulimi wa kopo, kisha kipande kingine kilichoyeyushwa kikawa jeli ya nanasi, kuna uchungu, lakini kuna pia pua iliyokunjwa. Anapomwita mjukuu wa mchunga kondoo au wa kijana wa plau aliyefyonzwa na mji, akapoteza maisha ya mwili bila kuyafikia ya roho, anaandika kama mtu aliyekwisha kuamua kwamba kusoma kwa Leonard ni bure. Wafanyakazi wengi wa enzi hiyo walisoma vitabu hivyo hivyo na wakafika mbali. Katherine Mansfield, mwandishi wa hadithi fupi, aliandika katika shajara yake kwamba hakuwa na hakika kama aliyempa Helen mimba ni Leonard au mwavuli wake. Ni maneno makali, lakini yamegusa penyewe: Leonard ana vitu vingi, mwavuli, vitabu, kiti, kola, na mwili wake ni hafifu.

Jacky amefanyiwa vibaya zaidi. Yeye ndiye uthibitisho hai wa kosa la Henry, ndiye aliyetelekezwa, na baada ya mumewe kufa sura ya mwisho haimtaji hata kwa jina. Helen ana mtoto wa Leonard, Margaret ana nyumba, Henry ana mke wa kumwuguza, Charles ana kifungo chenye mwisho. Mjane wa Leonard yuko wapi, anakula nini? Riwaya inayotuambia tuunganishe imeachia uzi huu ukaning'inia, na sidhani ilikuwa kwa makusudi.

Jambo jingine ambalo wanafunzi wetu wataliona haraka kuliko wachambuzi wengi wa Uingereza ni ramani. Sura ya 23 Margaret anatembelea ofisi ya kampuni ya Henry, Imperial and West African Rubber Company. Ukutani kuna ramani ya bara zima la Afrika, limechorwa kama nyangumi aliyewekewa alama ili akatwe mafuta. Mdogo wa Charles, Paul, anapelekwa Nigeria kufanya kazi. Basi, hicho kisiwa cha akina Wilcox kinajazwa na mpira wa Afrika. Wasomaji wa 1910 walijua habari za mpira: miaka miwili tu nyuma Ubelgiji ilikuwa imechukua Kongo kutoka kwa Mfalme Leopold baada ya kampeni kubwa iliyoendeshwa kutoka Uingereza juu ya mateso ya wakusanya mpira. Forster anaweka ile ramani, anatoa tamathali ya kutisha kabisa, kisha anapita. Leonard yuko ukingoni mwa shimo. Wagema mpira hawamo hata kwenye picha. Usiache darasa lipite hapo mbio kama yeye.

Nilisema mwandishi anajipinga mwishoni. Miezi kumi na minne baada ya kifo, Henry aliyevunjika anatangaza mbele ya watoto wake kwamba nyumba ataachiwa Margaret, na Margaret ataiacha kwa mwana wa Helen. Fedha za Henry Margaret amezikataa, na mapato yake mwenyewe amekusudia kuyapunguza kwa nusu katika miaka kumi. Hilo ni jaribio la kweli la kuyatimiza maneno yake ya klabuni, na wachambuzi huliruka. Lakini mtoto wa karani anarithi kwa sababu mama yake ni Schlegel. Angezaliwa na Jacky asingefika hata langoni. Damu za matabaka mawili zimechanganyika, ndiyo, ila mmoja wa wazazi ilibidi afe kwanza, na mtoto analelewa kisiwani. Forster alitaka picha ya muungano, na njia pekee aliyoiona ya kuipata ni kumwondoa mtu aliyekuwa mgumu kuunganishwa. Hapo moyo wake ulitangulia hoja yake.

Kwa darasani, mimi ningeanza na sura ya 5, tukio la mwavuli, isomwe kwa sauti, kisha niwaulize wanafunzi ni wakati gani hasa Leonard anaumizwa na ni nani aliyekusudia. Nikitoka hapo nakwenda visiwa vya sura ya 7, mjadala wa klabu wa sura ya 15, halafu nafuata pauni moja moja: nani anazo, zinatoka wapi, nani anashauri, nani analipa. Sura ya 22 na 38 nazisoma pamoja, siku nyingine, kama jambo la Henry na dhamiri yake. Wakikuandikia insha, usiwape "unganisha tu" kama mada, maana watarudia mwongozo. Waulize hivi: kama Margaret angempa Leonard zile pauni 300 usiku ule ule wa klabu, je, Leonard angezipokea? Jibu la barua yake kwa Tibby linaelekea hapana. Lakini barua hiyo aliiandika baada ya yale ya Shropshire, alipokuwa na jambo la kuona haya. Kabla ya hapo alikuwa karani mwenye njaa ya vitabu, na hakuna mtu katika riwaya nzima aliyejaribu.